Viini Vinane

Ghorofa ya tatu, Shimanzi. Harufu ya chai kavu
imepenya hadi kwenye kibodi.
Jumapili, saa tatu usiku; mnada ni kesho asubuhi.
Programu yangu inapiga hesabu za miaka kumi na miwili,
fungu kwa fungu, bei kwa bei, kiwanda kwa kiwanda,
nayo huchukua dakika arubaini na moja.
Si arubaini. Nimezihesabu.

Bi Mghoi alinunua mashine mpya mwezi wa Machi.
"Ina viini vinane," alisema, kama anayetaja mahari.
Nikafungua dirisha la kuchungulia tumboni mwake:
kiini kimoja kinatoka jasho, asilimia mia,
na wale saba wamekaa kibarazani,
mguu juu ya mguu,
wanamtazama mwenzao akibeba gunia.

Huko chini ghalani, makuli wangepigana.

Kidole kimoja hakivunji chawa, nikajisemea,
nikaigawa kazi mara nane,
nikabonyeza, nikangoja.
Dakika hamsini na tatu.

Wanane, naam, lakini daftari moja na kalamu moja;
mmoja akiandika, saba wamepanga foleni,
tupishe bwana, tupishe.
Nikaivunja foleni. Wakaandika wote kwa mpigo.
Dakika saba! Nikasimama, nikashangilia peke yangu,
halafu nikaiona jumla:
shehena moja ya Nandi imeuzwa mara mbili,
na chai ya vumbi ya Kirinyaga imepotea yote
kama haikuwahi kusagwa.

Nyevu, anayetunza seva, alikuwa akila mhogo wa kukaanga
akiitazama skrini bila haraka.
"Umewahi kuona shughuli ya harusi kwetu Kisauni?
Vitunguu gunia zima. Kila mama na kisu chake,
na sinia lake mapajani.
Hakuna anayetia mkono kwenye sinia la jirani.
Wa sufuria ni mmoja, na zamu yake ni mwisho."
Akajilamba pilipili kidoleni, akaenda zake.

Nikafuta nilichokiandika. Juu ya msimbo mpya,
pale pa maelezo ambapo hakuna asomaye,
nikaacha ubeti:

    Kila mtu na daftari, asiguse la mwenziwe,
    Ahesabu kwa hadhari, fungu lake alijuwe,
    Mwisho wao wa safari, jumla moja itiwe,
    Manahodha ni hatari, chombo mrama kisiwe.

Dakika sita na sekunde tisa.
Nikarudia mara kumi kwa kutoamini. Jumla ile ile,
mpaka senti.
Bi Mghoi akagawanya kwa kidole hewani:
"Arubaini na moja kwa nane... mbona si tano?"
Nikamwambia yupo wa sufuria,
na huyo hagawanyiki.

Ila kuna jambo sikumwambia.
Zile dakika arubaini na moja zilikuwa za mama yangu, Msambweni.
Kila Jumapili nikishabonyeza, nilimpigia simu.
Mgongo, mvua, mbuzi wa Mwakuhenga aliyetafuna kanga,
bei ya mkaa, nani kaposa, nani kaposwa akakataa.
"Hiyo mashine yako imemaliza?"
"Bado, mama."
"Basi nikwambie..."

Jana nilipiga. Tulikuwa kwenye salamu,
za huku, za huko, za wa nyumba ya pili,
hata kwa mbuzi hatujafika,
mashine ikalia, skrini ikaandika: TAYARI.
Mama ana masikio makali. Akanyamaza kidogo.
"Imemaliza?"

Viini vinane vyote vilikuwa vimepoa,
namba zimejipanga, zinangoja asubuhi.

"Bado," nikasema.